Kichina cha Makatoni

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye geti la kanisa, mtaani Komarock: masomo ya Kichina, bure, kuanzia wiki tatu zijazo. Nililisoma nikiwa na sukuma wiki kwapani, nikaingia kujiandikisha kabla hata ya kufika nyumbani. Mama mwenye daftari akaniuliza cheti cha kidato cha nne. Nikamwambia ukweli, kwamba shule niliiacha nikiwa kidato cha pili.

Hakunicheka. "Njoo siku ya kwanza, mwalimu mwenyewe ataamua," alisema. "Lakini jitayarishe, mama. Usije hivi hivi."

Aliyecheka ni dada yangu, ambaye naishi kwake. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeshajaribu kusuka nywele, kutengeneza saa, kufuga sungura kwenye roshani na kuandika mabango ya vibanda. Kila kitu nilikianza kwa moto, na kabla ya miezi miwili macho yangu yalikuwa yameona kingine.

"Msichana wa miaka thelathini na miwili," alisema huku akisukuma chapati. "Leo ni Kichina. Huyo Mchina naye atakaa hadi lini?"

"Huyu simwachi."

"Haya. Siku ukimwacha, takataka zake zote nawashia jiko."

Sikuwa na kitabu. Nilichokuwa nacho ni kibarua katika godauni moja la Industrial Area, ambako kutwa tulifungua katoni za vikombe na thermosi na kuvipanga dazani dazani. Kila katoni ilikuwa na maandishi ya Kichina ubavuni, na kando yake picha: glasi, mwavuli, mishale miwili inayotazama juu. Miaka yote nilikuwa nimeyakanyaga maandishi yale. Sasa niliyaona kila mahali, kama mtu aliyeambiwa jana kwamba jirani yake ni binamu yake. Simu ingeweza kunitafsiria, lakini sikutaka kuambiwa. Nilitaka kung'amua. Penye glasi lazima wanasema beba taratibu. Penye mwavuli, usiloweshe. Penye mishale, huku ndiko juu.

Mzee wa stoo akawa ananikatia vipande. "Niaje, balozi," angeniita asubuhi. "Nimekuwekea ya sahani. Hii ina maneno mengi, labda ni barua ya mapenzi."

Jioni nilivitundika ukutani na kuvinakili kwenye makatoni matupu kwa brashi zangu za zamani za mabango. Nilifanya nilivyojua: kwanza nachora mpaka wa herufi kwa penseli, kisha najaza rangi, nikianzia popote mkono unapopenda. Ndivyo tulivyoandika "Chips Kuku" na "Kinyozi" mtaa mzima. Ukuta hauulizi umeanzia wapi. Baada ya wiki tatu maandishi yangu yalifanana na ya kiwandani, na hata dada aliinama kuyatazama alipodhani sioni.

Siku ya kwanza nilifika ukumbini wakati viti bado vinapangwa. Mwalimu alikuwa kijana wa mtaa wa Kayole aliyesomea huko China, mwembamba, mwenye sauti ya kondakta. Alipofika kwangu kwenye orodha alisita.

"Dada, hapa cheti hakuna."

"Hakuna. Lakini nimejitayarisha."

Akanipa kalamu ya ubao. Nikachora, nikajaza, nikasogea kando. Alisoma kwa sauti: "Beba taratibu. Usiloweshe. Upande huu juu." Ukumbi ukalipuka. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Huyo ni mwanafunzi au ni friji?" Nami nilicheka, kwa furaha tupu, kwa sababu nilikuwa nimepatia! Yote matatu!

Mwalimu hakuwa akicheka. Alikuwa akiutazama mkono wangu.

"Umechora vizuri sana," alisema. "Lakini hujaandika. Kila mstari una zamu yake. Wewe umeingilia dirishani."

Akanionyesha neno moja kati ya yale niliyoandika, lenye mistari mitatu tu: mrefu wa kati wenye kindoano chini, na mifupi miwili ubavuni, kama mtu aliyeacha mikono ining'inie. Maana yake ni "dogo". Mimi nilikuwa nikianza na mikono. Yeye alianza katikati, akashuka, akapiga kindoano, ndipo akaweka wa kushoto, kisha wa kulia.

"Jaza ubao wa pembeni kwa neno hili hili, hivi hivi," alisema. "Ukichoka, nenda nyumbani kwa amani. Usipochoka, tutaongea."

Nilijua anachopima. Ningeweza kumwambia mapema kwamba kuchoka haraka ndio ugonjwa wangu. Safu za kwanza mkono ulikimbilia pembeni, nikafuta. Safu ya tatu kindoano kilianza kukaa sawa. Kisha likatokea jambo geni: katikati, kushoto, kulia, katikati, kushoto, kulia, na kila neno likawa tofauti kidogo na ndugu yake, nami nikataka kuona linalofuata litakuwaje. Nilipofika chini kabisa ya ubao nikageuka kuomba nafasi zaidi. Watu walikuwa wakikunja viti.

Mwalimu akafungua daftari, akaandika jina langu kwa wino. "Jumamosi, saa tatu. Usichelewe, dada."

Nyumbani dada alikuwa akikanda unga. "Wamekufukuza?"

Nilibandua vipande vyote ukutani, pamoja na vile vya rangi nilivyovihangaikia wiki tatu, nikaviweka kando ya jiko. Akaniangalia kwa huzuni ya kweli, maskini. "Umeshamwacha?"

"Washa. Nilivianza vibaya, sasa naanza upya. Nimepokewa."

Alipiga kelele ya furaha iliyomtoa jirani hadi mlangoni. Halafu, kabla ya kuwasha, akainyunyizia meza unga na kuniambia nimwonyeshe hata neno moja tu. Nilimwonyesha. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto wa neno.

"Anza katikati," nilimwambia.

"Tazama kiburi! Siku moja tu!" Lakini alifuta unga kwa kiganja, akaanza katikati.