Nilivyokimbiza Mtaa kwa Kurekodi

Nilikimbia vita Mitwaba kwa miguu, kisha juu ya magunia ndani ya lori, hadi Kampemba, Lubumbashi. Kwa kuwa nilikuwa na kompyuta, majirani waliniita fundi, nami mjinga sikukataa.

Asubuhi moja nilimrekodi jirani yangu, Maman Ngoie. Watoto wake walikuwa wamebaki kule Mitwaba na hawangetoka bila kusikia sauti yake. Dereva wa lori la kwenda huko aliingoja flashi ya kuwapelekea sauti hiyo, injini ikiunguruma.

Maman aliongea, lakini alama ya sauti kwenye skrini haikutikisika. Nikapandisha sauti.

“Maman, sema na nguvu!”

“Mukimbie, batoto! Banakuya na bunduki!”

Bado. Nikapandisha hadi mwisho.

“Nguvu tena!”

Alipiga ukelele mara tatu. Nje nikasikia milango, sufuria, miguu. Mtaa mzima, ukidhani wenye bunduki wanakuja, ulikimbia na magodoro kichwani.

Mkuu wa mtaa akaingia akihema. “Ni nani anapiga kelele ‘mukimbie’?”

“Tunarekodi tu, papa.”

“Basi utusikilizishe!”

Nikabonyeza. Kimya. Ndipo nikaona: nilikuwa nikipandisha sauti ya spika; ya maikrofoni ilikuwa sifuri.

Lori likapiga honi.

“Rudia, maman,” nikanong'ona.

Akafungua mdomo. Sauti ilikuwa imemkauka.