Utando wa Akinyi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinikabidhi chupa ya unga mweupe. "Wanjala, hii ni DNA ya samaki. Ukiimwaga, utaenda kuvua mwenyewe." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nyinyi vijana mnajua DNA ya kutafuta baba wa mtoto. Yetu ilikuwa ya kutoa leza. Tuliichanganya na kemikali ya jamii ya sabuni ikaganda, tukaiyeyusha kwenye spiriti, tukatia rangi, kisha tukaizungusha juu ya kioo hadi ukabaki utando mwembamba. Huo tuliupiga kwa leza ya kijani. Utando mzuri uliongeza mwanga wake wenyewe, na kwenye kompyuta ukasimama mstari mmoja mkali. Mbaya ulitoa mlima butu. Mimi nilipata milima miaka yote.

Ndipo akaajiriwa Akinyi wa Kibera, aliyewahi kutia rangi jeans zilizopauka pale Soko la Toi. Wiki ya pili alichungulia chupa yangu.

"Mzee, umeweka rangi mob. Ikijazana inazimana."

"Hii si mitumba, Akinyi."

Akatia nusu yake. Mstari ukasimama. Mkuu alipiga makofi, akasema wageni wanaokuja kukagua maabara wakiuona utando huo, Akinyi atakuwa fundi mkuu. Cheo hicho nilikingoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi! Nilimpongeza kwa meno tu. Kwa wivu, nyumbani Gatina nilimsema mpaka mke wangu akanifukuza jikoni.

DNA hunywa unyevu, na mvua zilikuwa zimeanza, kwa hivyo tando zilikaa kwenye kabati kavu. Siku moja kabla ya wageni, niliutoa utando wa Akinyi nikijidai napangusa kabati. Niliuacha dirishani. Sikusahau.

Kesho yake, mbele ya wageni, ukatokea mlima.

"Nani alitoa hii kwa kabati?" Mkuu aliuliza.

Akinyi alinitazama. "Ni mimi, Daktari. Nilisahau kurudisha."

Cheo nikapewa mimi. Sijui kwa nini alinisitiri, na hata wema huo niliuonea wivu.

Siku ya kustaafu kwangu, Akinyi alisimama kunisifu. "Mzee Wanjala alinifunza kuchunga kabati," akasema. Watu walicheka, wakapiga makofi. Kisha akanipa kipaza sauti, akabaki amesimama kando yangu, akingoja.

Niliwashukuru wapishi, nikaketi.