Kiti cha Nyuma cha Watu Wawili

Ninayo siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na leo umeiamsha wewe mwenyewe. Umekuja na simu yako, umekaa hapa kando yangu, unanionyesha gari moja kwa picha tatu na kuniuliza, "Shangazi, nichukue ya chini, ya katikati ama ya juu?" Nimevaa miwani nikatazama. Zote nyeusi, zote zinang'aa. Wewe unasifu taa na magurudumu, mimi nimetazama kiti cha nyuma tu, na moyo umeniuma. Ngoja nikueleze kwa nini. Kunywa chai yako polepole, maana mimi nikianza sipendi kukatizwa.

Marehemu mume wangu, Kasereka, ulimjua ukiwa mtoto wa kubebwa. Alitoka upande wa Butembo akaja kufanya biashara hapa Bunia, akawa ananunua mbao Niania na kuziuza hadi Uganda. Miaka ile vita ilikuwa imekwisha, ndivyo redio ilivyosema. Sisi wa hapa tulisema imelala. Maduka yalifunguliwa, harusi zilirudi, walinzi wa amani walipita na magari yao meupe, lakini kila mama alijua begi lake la kukimbilia liko kona gani ya nyumba. Katika utulivu wa namna hiyo mbao za Kasereka zilipata wanunuzi, naye akaanza kuota gari. Hakutaka gari lililochoka Ulaya ndipo likaletwa kwetu. Alitaka jipya, la milango minne, la heshima, lile ambalo likipita watu wanauliza ni mkubwa gani yumo ndani.

Usidhani ilikuwa ni majivuno matupu. Majivuno yalikuwepo, sikatai, mume wangu alipenda kuchana nywele. Lakini gari lile alilitaka kwa ajili ya mama yangu.

Mama alikuwa amekimbia kutoka kwetu, kule ng'ambo ya Iga Barrière, kwenye milima ya Djugu, akaja kukaa nasi hapa Bunia pamoja na mdogo wake, Mama Rahabu, na mke mwenzake, Mama Sofia. Baba aliuawa siku za mwanzo za vita, akazikwa harakaharaka, bila wanawake kupata nafasi ya kumlilia inavyopasa. Jambo hilo lilimkaa mama kama mwiba. Hakuomba arudi kuishi huko. Aliomba siku moja tu, afike, ang'oe majani juu ya kaburi, alie, arudi. Jioni akikaa kuchambua maharage alikuwa akitaja kila kilima kwa jina lake, mpaka nami nikavijua upya. Pikipiki hakuiweza kwa sababu ya mguu wake, na kumpandisha juu ya lori la mizigo Kasereka alikataa. "Mama mukwe wangu hatakaa juu ya magunia," alisema. "Nitamupeleka miye, na gari ya maana."

Sasa sikiliza mila, maana ninyi wa siku hizi mnakumbatiana na wakwe zenu mpaka tunaona haya sisi. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai bega kwa bega. Hata maneno yanapitia kwa mtu wa katikati. Kwa hiyo kiti cha mbele, kando ya Kasereka, kilikuwa changu mimi mkewe. Mama mkwe nafasi yake ni nyuma, tena akiwa na watu wake.

Tulikwenda Kampala mimi naye, kwenye duka la magari lenye sakafu ya kujiona uso. Kijana wa pale alituonyesha gari moja katika madaraja matatu, kama wewe leo. La chini lilikuwa na viti vya kitambaa. La katikati lilikuwa na viti vya ngozi, na kiti cha nyuma kirefu, cha kuenea watu watatu vizuri. La juu kabisa, mwanangu, lilikuwa chumba cha wageni. Nyuma kulikuwa na viti viwili tu, kila kimoja peke yake, vya kujilaza na kukandwa mgongo. Katikati yao palijengwa sanduku lenye friji ndogo ya maji baridi. Lilikuwa na mapazia pia. Niliingia nikakaa. Nikanyoosha mkono kutafuta bega la mtu, nikagusa friji.

Nikamwambia Kasereka kwa sauti ya chini kwamba lile la katikati linatutosha. Akatikisa kichwa.

"Mama yako amebanana ya kutosha," akasema. "Ku kambi balilala batu mingi ndani ya hema moja, ata kugeuka haiwezekane. Minataka akae peke yake, anyooshe miguu sawa bibi ya gavana. Kando yake akae mudogo wake. Wawili, basi."

"Na Mama Sofia?"

"Huyo ni muke mwenza. Atatufuata na teksi."

Hapo ndipo alipopotea, na wala si kwa ubaya. Kasereka alilelewa katika nyumba ya kanisa, baba mmoja na mama mmoja. Kwake mke mwenza wa mama yangu alikuwa jirani mzee anayekula nyumbani kwetu. Kwetu sisi Sofia ni mama, mama kamili. Nilimweleza hayo njiani tukirudi, lakini gari la juu lilikuwa limekwisha kuagizwa, naye alikuwa na furaha ambayo sikupata nguvu ya kuizima. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Ila ya gari lile ilikuwa katikati ya kiti chake cha nyuma, na ilikuwa inapoza soda.

Gari likafika kiangazi. Likasubiri, maana barabara ya Djugu haikuaminika. Halafu Jumapili moja habari zikaenea kwamba njia ni shwari, watu wanakwenda kutazama mashamba yao na kurudi kabla ya jioni. Kasereka aliamka akafuta gari mpaka inzi angeteleza juu yake. Dereva wake alikuwa Niania na lori, mimi usukani sikuujua, lakini hilo halikumsumbua, alitaka aendeshe mwenyewe. Wale wamama watatu wakatoka, mama yangu, mdogo wake Mama Rahabu, na Mama Sofia, wamevaa kitenge cha aina moja kama wanakwaya. Mama alikuwa ameshika jembe lisilo na mpini. Waendesha pikipiki walisimama barabarani kutazama. Jinsi alivyokuwa mzuri mama yangu asubuhi ile! Natamani ungemwona. Natamani mimi nimwone tena, hata kwa muda wa kufungua na kufunga mlango.

Kasereka akafungua mlango wa nyuma, akasogea pembeni kwa adabu. Mama akainama akachungulia ndani. Halafu akanigeukia mimi.

"Sofia atakaa wapi?"

Mama Sofia akadakia upesi, "Muende tu. Miye nitabakia kulinda nyumba."

"Siku ile ya kukimbia, ulibakia kulinda nyumba?" mama akamuuliza. "Si ulinibeba ku mugongo mupaka tukavuka?"

Ilikuwa kweli. Mguu wa mama ulipokataa, ni Sofia aliyembeba, yeye mwenyewe akiwa hajala. Walikula kiapo huko porini wote watatu kwamba wametoka pamoja, watarudi pamoja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Sofia alikuwa zaidi ya rafiki.

Tulijaribu, mwanangu. Mama Rahabu, ambaye alikuwa mtu wa mchezo, alipanda akakaa juu ya lile sanduku la katikati, magoti yamefika kidevuni, kilemba kinagonga dari. Tukacheka mpaka machozi yakatoka. Hata mama alicheka, lakini akatikisa kichwa. "Shuka, Rahabu. Mutu harudi kwake amekaa juu ya friji." Kiti cha mbele hakuna aliyethubutu hata kukitazama, maana wote watatu kwa mila yetu ni mama wakwe zake. Safari mbili zisingewezekana, siku isingetosha. Kasereka alikimbia mpaka sokoni kutafuta teksi-bisi, akakuta zote zimekwisha kwenda na watu wa makanisa. Akarudi jasho linamtoka na suti yake, akaniambia niwaambie, "Kesho. Kesho asubuhi nitaleta gari ingine, kubwa."

Mama akaweka kiganja juu ya paa la gari. Alitaka kumbariki mkwe wake, na kwa kuwa hakuweza kumgusa yeye, alibariki bati lake. Akanena nami, Kasereka amesimama palepale anasikia kila neno.

"Mwambie bwana yako, gari yake iko muzuri sana. Ni siye ndiyo tuko wengi."

Hakuna neno lingine la karipio alilowahi kutoa, siku ile wala baadaye. Nadhani angemtukana ingemuuma kidogo kuliko hivyo. Nilimkuta Kasereka nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta, analia.

Wanasema penye nia pana njia. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa Bunia. Alasiri ileile watu waliokwenda walianza kurudi mbio, wengine na mbuzi, wengine na magodoro kichwani. Kule mbele silaha zilikuwa zimelia tena. Barabara ikafungwa. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa msimu, na kila kiangazi mama aliuliza njia iko namna gani, nasi tukamjibu bado. Akafa bado. Tulimzika hapa mjini, katika udongo usiojua jina la kilima hata kimoja cha kwao. Baba yuko kule, majani yamemfunika, mama yuko huku. Nikilifikiria hilo hata leo, uzee huu wote nilionao haunisaidii kitu, nalia kama msichana.

Gari lile tulikaa nalo miaka. Tulikuwa tukiwaazima watu kwa harusi, bwana na bibi wakakaa nyuma, na kwa hao wawili lilitosha kabisa. Kasereka hakuwahi kukaa nyuma. Alimpenda mama yangu kuliko wakwe wengi wanavyowapenda mama wakwe zao, na alichagua kwa upendo, hilo sitaki ulisahau. Alifikiri kumheshimu mtu aliyebanana ni kumpa nafasi. Hakujua kwamba wale waliobanana pamoja kuna wakati wanachotaka ni bega la mwenzao. Naye amekwenda sasa. Nimewakosa wote wawili, na siku nyingine sijui ninamlilia nani.

Basi hiyo ndiyo nasaha yangu, nami naisema wazi usije ukasema Shangazi alizungumza kwa mafumbo. Usiniulize ya chini, ya katikati ama ya juu. Kabla hujahesabu vitu vilivyomo ndani ya gari, wataje kwa majina watu utakaowapakia. Mtaje mama yako, mtaje mkeo, halafu umtaje na yule ambaye unadhani hayumo katika hesabu, yule wa pembeni anayesema "muende tu, miye nitabakia." Huyo ndiye umtafutie kiti kwanza. Wakiisha kuenea wote, ndipo uongeze ngozi, friji na mapazia, Mungu akikujalia, mimi sina wivu. Na jambo la kumfanyia mzee wako, likiwezekana leo, lifanye leo, hata kwa gari bovu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa kwetu hufunga barabara pia.

Mama Rahabu alimfuata dada yake. Mama Sofia bado yupo, ndiye huyo unayemsikia akikohoa chumbani, na macho yake yanaona kidogo. Wiki hii wanasema njia ya Djugu imetulia.

Mungu akupe gari, mwanangu, na akupe barabara ya kulipitisha. Akujalie watu wengi kuliko viti, na moyo wa kuwasogezea wote nafasi. Mikono yako isikose kitu, na nyumba yako isikose mzee wa kuibariki. Likifika, usipoteze muda kunionyesha taa zake. Njoo asubuhi mapema, upige honi hapo nje. Mimi na Mama Sofia tutakuwa tumekwisha kuvaa.