Nyumba Isiyoitikia Jina Lake

Kitambulisho chake kilisema Kreszenz Angerer, lakini jina hilo lilikuwa la daktari na la siku ya kupiga kura. Bondeni kote aliitwa Mama Kolbmoser, kama alivyoitwa bibi yake na mama wa bibi yake, kwa sababu nyumba yao ilikuwa Kolbmoser. Kwingine duniani mtu huipa nyumba jina lake. Katika mabonde yale ya kusini mwa Bavaria nyumba ndiyo humpa mtu jina, na anayeoa au kuolewa humo hulivaa kama koti alilolikuta nyuma ya mlango.

Nyumba zile pia hazikatwi vipande. Hurithi mtoto mmoja, wengine hupewa mkono wa heri na kuondoka. Baba alimchagua Kreszenz. Mdogo wake, Korbinian, alishuka kwenda Munich na mfuko wa nguo na gurudumu moja la jibini begani. Hakuna aliyedhani amebeba kitu kingine.

Maziwa yalipoacha kumlisha mfugaji, Kreszenz alirudia jibini la bibi yake. Akiwa na miaka hamsini na minane alikwenda kwenye mafunzo ya jioni katika ukumbi wa zimamoto, akajifunza kufungua tovuti. Aliandika kolbmoser, kompyuta ikamjibu kwamba jina hilo liko wazi. Bila shaka liko wazi, aliwaza, nani mwingine angelitaka? Bondeni mtu haulizi jina la nyumba ni la nani, kama asivyouliza mlima ni wa nani.

Tovuti ilimwokoa. Watu wa Hamburg na Köln waliagiza jibini wakiwa vitandani mwao, naye akapanda kila asubuhi zizini akijua kwamba ng'ombe hawatauzwa mwaka huo. Ndipo barua ya onyo ilipofika. Kampuni moja kubwa ya jibini ya kaskazini ilisema Kolbmoser ni alama yake ya biashara. Ilitaka anwani ya tovuti, tena ilitaka Kreszenz atie sahihi kwamba hatauza jibini kwa jina hilo hadi kufa kwake. Akikiuka mara moja tu, faini yake ingemeza ng'ombe watatu.

Vitus, jirani, aliisoma barua hiyo jikoni, miwani puani.

"Wanasema umewaibia jina."

"Nyumba ilikuwapo kabla ya babu wa kampuni hajaota meno."

"Basi waandikie hivyo. Waambie waje walikwangue jina ukutani, juu ya mlango."

"Cheka tu. Wewe ukiandikiwa barua ya kodi hujificha bandani."

Wakili Sailer wa mjini Traunstein, mwanamke wa makamo mwenye mafua yasiyokwisha, hakucheka.

"Jina lako nani, mama?"

"Kolbmoser."

"La kwenye kitambulisho."

"Umeniuliza jina langu."

Wakili alipenga kamasi. "Lingekuwa kwenye kitambulisho, ningewatoa jasho kidogo. Hivi ulivyo, wewe ni Angerer unayeuza jibini kwa alama ya mwingine. Uliposajili tovuti hukutazama daftari la alama?"

"Nitazame nini? Najua ninakoishi."

"Hapo ndipo kosa lilipo. Mtambo wa tovuti hukuambia kama anwani haijachukuliwa. Haukwambii kama jina lina mwenyewe." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Alama ilisajiliwa miaka kumi na tisa iliyopita, kwa ajili ya jibini. Aliyeisajili kwanza hakuwa kampuni. Alikuwa Korbinian Angerer, wakati ule alipokuwa na kibanda sokoni Munich. Kibanda kilipokufa, aliiuzia kampuni.

Kreszenz alitazama jina la mdogo wake mpaka kioo kikazimika chenyewe.

"Iko njia moja," alisema wakili. "Kabla yake kuna aliyewahi kuuza jibini kwa jina la nyumba?"

"Bibi. Kila Jumamosi, hapa hapa Traunstein. Jina lilichomwa kwa chuma cha moto kwenye vikapu."

"Vikapu vipo?"

"Tuliviotea moto."

"Shahidi aliye hai, basi. Jirani?"

"Vitus alikuja bondeni kuoa. Alimkuta bibi kaburini tayari." Akatazama kioo kilichozimika. "Yuko aliyekuwa akivibeba."

"Nani?"

"Korbinian."

Korbinian aliishi Giesing, mtaa wa Munich, chumba kimoja juu ya duka la simu. Alimwekea dada yake kahawa na mkate wa chumvi, akakaa huku akiusugua mguu.

"Umezeeka, Zenz."

"Ng'ombe hawajalalamika."

Akamweleza. Korbinian alisikiliza, macho dirishani.

"Baba alikupa zizi, malisho, msitu, nyumba," alisema. "Mimi alinipa mkono. Nilipofika barabarani niliufungua, sikuona kitu."

"Jina halikuwa lako."

"Halikuwa la mtu yeyote. Ndiyo maana nililisajili bila kuulizwa swali."

"Sitaki tugombane. Sema ukweli tu. Bibi, vikapu, Jumamosi."

"Nikisema hivyo, basi niliwauzia kitu ambacho si changu. Watakuachia wewe, watanishika mimi. Wakininyang'anya chumba hiki nitalala wapi na magoti haya?"

"Kwangu."

"Kwako." Alitabasamu kidogo. "Nirudi kuwa kibarua wa zizini nikiwa na miaka hii. Ungeniomba uongo, dada, ningekusaidia. Ukweli ndio siumudu."

Alimsindikiza hadi ngazini. "Juu ya mlango bado imeandikwa?"

"Leo bado."

Wakili alimwambia kwamba Korbinian anaweza kuitwa mahakamani, apende asipende, na mbele ya hakimu angesema. Kreszenz alikaa na neno hilo wiki nzima. Aliamka nalo, akakamua nalo. Mara ya kwanza ni familia nzima iliyomtoa mdogo wake nje ya mlango, kwa desturi. Sasa angemtoa tena, kwa sheria, na safari hii angekuwa yeye peke yake. Jumatatu alirudi Traunstein akatia sahihi hati ya ahadi.

"Na maandishi ya ukutani?"

"Nyumba ina haki ya kuitwa ipendavyo," alisema wakili. "Ila unauzia jibini mlangoni hapo hapo. Ama jina, ama jibini. Na uwe mwangalifu na wageni. Kampuni hizi hutuma watu wa kukujaribu, waone kama utalitaja jina."

Kreszenz alichanganya chokaa mwenyewe, akapanda ngazi mwenyewe, akalifunika jina juu ya mlango. Vitus alijitolea, akakataliwa. Anwani ya tovuti ilihamia kwa kampuni, na aliyeiandika sasa alifunguliwa picha ya nyumba nzuri yenye maua madirishani, nyumba ambayo haikuwahi kujengwa bondeni humo. Maagizo ya Hamburg yaliisha. Ng'ombe wawili waliuzwa kabla ya theluji.

Alasiri moja ya Oktoba, mume na mke waliovaa viatu vipya vya mlimani walipanda hadi uani. Mke alishika pakiti ya plastiki ya jibini la dukani, yenye ile picha ya nyumba. Kreszenz alikuwa akimkatia Vitus kipande chake cha wiki.

"Samahani, mama," alisema mke. "Hapa ndipo kwa Kolbmoser?"

Vitus alifungua kinywa. Kreszenz alimtazama, naye akakifumba. Kreszenz aliwatazama wageni usoni, kisha viatuni, kisha usoni tena, na hakuona chochote cha kumwambia ni wanunuzi wa kweli au watu wa kutumwa. Kisu kilikuwa mkononi, jibini mezani.

"Hapana," alisema. "Hapa ni kwa Angerer."

"Unajua walipo?"

Alifuta kisu kwa aproni. "Alihamia mjini. Zamani sana."

Walinunua robo, wakaomba radhi kwa usumbufu, wakashuka. Vitus alikunja karatasi ya kipande chake, akaifunua, akaikunja tena. Kisha akavua kofia.

"Haya, kwaheri, Mama Angerer," alisema, kwa sauti ya mtu anayeaga msibani.