Mstari Mrefu na Waliokaa

Iko siku moja sijaisahau, mwanangu, na Jumapili iliyopita imenirudia hapa Auburn, Australia, kwa sababu ya kazi ya chuo ya mjukuu wangu Mumbua.

Mumbua anasomea siasa chuoni kule Kensington, mji huu huu wetu. Tukitoka kanisani huja kula kwetu. Mwalimu wao aliwauliza kwa nini chama cha upinzani Uingereza kilishinda uchaguzi kwa kishindo, kikajaza bunge. Yeye alikuwa ameandika kwamba wananchi walikipenda sana, basi. Alinisomea kwa Kiingereza, nami nikamjibu kwa Kiswahili, ndivyo tunavyoishi. Nikamwambia afunge hiyo kompyuta kwanza. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini ushindi wa namna hiyo nimewahi kuupata.

Kwetu Ukambani tulikuwa na kikundi cha akina mama chenye mashine ya kusaga unga. Mwenyekiti alikuwa Mama Ndunge, miaka mingi. Mwanzoni alikuwa mtu mzuri, nisimsingizie. Baadaye madebe ya mahindi ya ndugu zake yakawa yanatangulia, na wewe uliyefika alfajiri unasaga jioni. Basi nikasimama kumpinga. Ahadi yangu ilikuwa moja tu: wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kusaga.

Kura zetu zilikuwa za mstari. Mgombea anasimama mbele, watu wake wanajipanga nyuma yake. Mama Ndunge alikuwa amekosana na naibu wake, naye naibu akagombea, kwa hiyo watu wao wakagawanyika mistari miwili mifupi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mstari wangu ulifika hadi ua wa josho la ng'ombe. Nikajiona nimepewa kijiji.

Bibi mmoja mzee wa kikundi, Nyanya Kavata, hakusimama popote. Alikuwa amekalia gunia lake. Akaniita.

"Mwikali, umehesabu waliosimama nyuma yako?"

"Nimehesabu, Nyanya."

"Na sisi tuliokaa?"

Nikageuka. Kando ya ukuta wa mashine walikaa wanawake wengi, debe katikati ya miguu. Wengine siku hiyo hawakuja kabisa.

"Hao wa mstari wako wamemkimbia Ndunge," akasema. "Mtu akikimbia mvua huingia nyumba yoyote. Usidhani amependa mapazia."

Nilicheka. Nilisema moyoni, uzee huo.

Haikupita miezi mitatu, mama mkwe wangu akapata wageni, nikatanguliza debe lake. Mara moja tu. Halafu la mke wa katekista. Hakuna aliyegombana nami, na kimya hicho ndicho kilichonidanganya. Kumbe wenzangu walikuwa wanapeleka mahindi mashine ya ng'ambo ya mto, mzigo mgongoni, hata jirani yangu mwenye mimba ya miezi saba. Asubuhi moja niliwasha mashine ikanguruma peke yake, mlangoni hakuna mtu.

Uchaguzi uliofuata, nyuma yangu walisimama mawifi zangu wawili. Nyanya Kavata aliinuka kwenye gunia, akanipita polepole na mkongojo wake, akaenda kujipanga nyuma ya mgombea mwingine. "Leo nimesimama," akaniambia.

Sasa rudi Uingereza. Mumbua mwenyewe alinisomea: kila jimbo lina kiti kimoja, na anayetangulia hata kwa kura chache anakichukua chote. Waliokuwa wakitawala walikaa muda mrefu, wakagombana, wakabadilisha viongozi kama mtu anayebadilisha kitambaa cha kichwa, na chama kingine kikamega watu wao. Na wengi walikaa nyumbani. Hapa Australia usipokwenda kupiga kura unaletewa faini, kwa hiyo hata wa kwenye gunia huinuliwa. Kule hakuna anayewainua. Ndiyo maana viti vilikuwa vingi kuliko mapenzi.

Mumbua akauliza, kwani hawakustahili? Walistahili. Mlango ulipofunguka walikuwa wamesimama hapo, na hiyo nayo ni kazi. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda, na unyemi hauchukui muda kuisha. Akafuta jibu lake, akaanza upya, akasahau chai yake ikapoa.

Nawe mwanangu, iwe ni kwaya, ni chama cha wanafunzi, ni usimamizi wa zamu huko ghalani unakofanya kazi, siku ukichaguliwa na wengi usiulize wanakupendea nini. Uliza wamekimbia nini, na wewe usikifanye, hata mara moja, hata kwa mama mkwe. Wakinyamaza, usiseme wameridhika. Nenda ukawatazame waliokaa.

Mungu akupe mstari mrefu, mwanangu, na shingo nyepesi ya kugeuka nyuma.