Sari ya Rangi ya Kitunguu

Nina digrii ya sosiolojia, ndiyo maana nauza vitambaa Rumonge. Mwenye duka ni mama wa Kihindi aliyekuwa hapa kabla wazazi wangu hawajarudi kutoka kambini Tanzania. Huniita musomi, hasa anapotaka nifagie.

Mwaka huo Diwali, sikukuu yao ya taa, ilikaribia huku mkwe wake, aliyeletwa kutoka India kuolewa na mwanawe, akiwa bado hajafungua sanduku lake la pili. Mama alilitazama sanduku lile kama mtu aliyeanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, anavyotazama wingu. Aliogopa binti ataondoka nalo. Hakusema hivyo. Alisema tu kwamba sari ya Diwali ya kwanza hutolewa na mama mkwe, iwe hariri tupu, na rangi ikikosewa nyumba haitulii. Niliuliza nani alifanya utafiti huo. Alinipa ngazi nikashushe sari.

Tulizitandaza juu ya kaunta. Mkwe alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama zote, kisha akasema mojawapo ya maneno machache ya Kiswahili aliyoyajua.

"Nyeusi."

"Nyeusi hapana," mama alisema. "Lakshmi, mungu ya mali, haingii mu nyumba iko na nyeusi."

"Lakini usiku wa Diwali hakuna mwezi, mama," nikasema. "Nje kote ni nyeusi. Anapitaje?"

"Ndiyo maana tunawasha taa, musomi. Kunja hiyo."

Nyekundu ilikataliwa kwa kuwa aliivaa harusini. Nyeupe ni ya msiba. Ya njano ilimfanya binti aonekane ametoka kuugua malaria. Kijani haikuwa na kosa lolote, ila rafiki mmoja wa mama, wa Bujumbura, aliivaa mwaka uliopita. Nilianza kuielewa dini hii: nusu ni mbinguni, nusu ni rafiki wa Bujumbura.

Ikabaki moja, ya rangi ya ganda la kitunguu, yenye ukingo wa dhahabu. Mama aliishika kwa ncha za vidole. Mkwe alisema "sawa" kwa sauti ya mtu anayekubali sindano.

Hapo ikabidi niseme jambo. Duka letu lina sheria moja. Wanawake wa hapa hununua sari kwa ajili ya imvutano, vazi letu la sherehe linalofungwa begani, na shangazi wote wa upande mmoja huvaa kitambaa kimoja kwenye sherehe ya mahari. Familia ikishachagua rangi, mama hamuuzii mtu mwingine yeyote mjini rangi hiyo mpaka sherehe ipite. Kwa sheria hiyo amewahi kumfukuza mke wa mkubwa mmoja. Na rangi ya kitunguu ilikuwa imechukuliwa na shangazi yangu na kundi lake, kwa sherehe iliyoangukia siku ileile ya Diwali.

"Ile ni imvutano," mama alinijibu. "Hii ni sari. Iko nguo mbili."

"Kitambaa ni kimoja."

"Na wewe na kaka yako tumbo ni moja. Mbona yeye hanisumbui?"

Zaidi ya hapo, alisema, sheria ni ya watu wa mjini. Miaka yote ile Rumonge, na haikumpitia akilini kwamba na yeye ni mtu wa mjini.

Siku ya Diwali, alasiri, mkwe alitoka amevaa sari ile kuchora maua ya unga wa rangi mlangoni. Mimi nilikuwa napanga taa dirishani. Shangazi zangu wakatokea barabarani, vikapu kichwani, wote rangi ya kitunguu, wamechelewa na wanalaumiana. Shangazi mkubwa akasimama.

"Na wewe, mbona umefunga hivyo? Simama."

Alijua vizuri kwamba yule si ndugu yetu. Lakini aliyevaa nguo ya kundi ni wa kundi, na kundi lilikuwa na kikapu kimoja kisicho na mtu. Alizifungua pini za bega, akafunga fundo letu, akamkabidhi kikapu.

"Usikitikise. Iko ndizi chini na mayai juu."

"Amahoro," mkwe alijibu, kwa kuwa ndiyo salamu pekee ya hapa aliyokuwa nayo, akaenda nao.

Mama alitoka akakuta ua la unga nusu. Aliingia chumbani, akarudi.

"Sanduku liko," aliniambia, kana kwamba nilimuuliza.

Kiza kilipoanza kuingia mkwe akarudi, fundo begani, wanja umechuruzika kwa jasho, mgongo wa hariri ile tupu una alama ya mkono wa mtu aliyekula mawese. Mama alilitazama doa, akalitazama fundo. Mkono wake ulikwenda begani kulifungua, ukaishia kulinyoosha.

Mkwe alichukua kiberiti. Aliwasha taa ya kwanza, akafikiri, akatafuta maneno.

"Mwaka kesho," alisema, "nyeusi."

Mama alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwaka kesho nyeusi hapana," alisema polepole. "Mwaka kesho tutaona kijani."

Walibishana hivyo mpaka taa zote zikawaka. Mimi nilitumwa kuleta sabuni.