Mawakili Wawili Bombani Kitangari

Mwalimu Justa alitoka Karagwe kuja Kitangari kufundisha hisabati, na kiangazi cha kwanza hakijaisha alikuwa amechoka kugombania maji. Ndipo akaandika programu ya simu, akaiita Zamu. Unatuma ujumbe, unapewa namba, unakaa kwako ukimenya mihogo mpaka uitwe bombani. Ugomvi ulipungua hata wapenda umbea wakanuna.

Justa hakuwa mchoyo. Akaiweka mtandaoni iwe programu huria: anayetaka aichukue, airekebishe, aitumie, ila naye asiwafungie wenzake. Watu wa Kitangari hawakuhitaji maelezo marefu. Kwao mpita njia huruhusiwa kula bibo la shamba la mtu, mradi korosho yake aiache palepale chini ya mkorosho.

Kampuni mbili za Dar es Salaam zikala bibo na korosho zikatia mfukoni. Bubujiko waliipaka programu rangi ya bluu, Mfereji Tele wakaipaka kijani, wakaanza kuiuza huku kila mmoja akimwita mwenzake mwizi. Kila upande ukaona dawa ni Mwalimu Justa atie saini kwamba programu ni yao peke yao. Zikaja barua za mawakili. Asiposaini, aizime; asipoizima, wakutane mahakamani.

Aliogopa, tena sana, maana mshahara wa ualimu hauajiri wakili. Mkuu wa shule, Gregory, ambaye huogopa muhuri kuliko nyoka, akamshauri aizime yaishe. Akaizima asubuhi moja tu. Jua halijawa kali, kwenye foleni ya bombani Mama Nuria alikuwa amevuliwa kitambaa kichwani, ndoo zimepasuliwa, na mzee mmoja wa kanisa ametukana kwa Kimakonde maneno yasiyomo katika sala yoyote. Justa akaiwasha tena, liwalo na liwe.

Haukupita muda mawakili wakaja wenyewe, Alfredi wa Bubujiko na Dastani wa Mfereji Tele. Walikuwa wamekaa kiti kimoja kwenye basi tangu Masasi, wakagawana karanga na kusifiana mashati, bila kujua kwamba ni mahasimu. Walijua walipomkuta Justa bombani na kila mmoja akataka kusema naye kwanza. Sauti zikapanda. Mama Hajira, mshika ufunguo wa bomba, anaijua sheria moja tu duniani: wanaogombana kwenye foleni, wote wawili nyuma. Akawapeleka nyuma na mikoba yao, nao wakaenda, kwa sababu wanawake wote walikuwa wanawatazama, na koo zilikuwa zimekauka kwa vumbi.

Huko nyuma Alfredi akamwita Justa pembeni. Ukali wa barua ulikuwa umemwisha.

"Mwalimu, nakuomba," alisema. "Kama hutusainii sisi, basi na yule usimsainie."

Dastani naye alipopata nafasi akanong'ona ombi lilelile. Justa akawatazama, hofu ikaanza kumtoka. Kumbe hawakuipenda programu hata kidogo, waliogopana tu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Akawaambia waandike wote wawili kwamba Zamu haina mwenyewe, si Bubujiko, si Mfereji Tele, si yeye, na kwamba hakuna atakayemzuia mtu kuitumia. Hapo hatakuwa na cha kumsainia yeyote.

Wakawapigia mabosi wao Dar, wamepeana migongo. Mabosi wakafurahi kupita kiasi, kila mmoja akiona mwenzake ndiye aliyekosa. Karatasi ikaandikwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, wakasaini wote watatu, na mawakili wakapeana mikono, kila mmoja na uso wa mshindi.

Machozi yalimlengalenga Justa. Programu ilikuwa imepona, na bomba la Kitangari limepona nayo. Akachukua ndoo yake akaenda kukinga. Mama Hajira akaangalia simu, akatikisa kichwa: namba ya mwalimu ilishapita alipokuwa akizungumza na wageni.

"Mama Hajira, jamani. Programu hii si nimeiandika mimi?"

"Na sasa hivi si umesaini kwamba haina mwenyewe? Nyuma, mwalimu."

Justa akaenda nyuma. Dastani akamsogezea ndoo akae, na kwa mara ya kwanza tangu barua zile zifike, mwalimu akacheka mpaka mbavu zikamuuma.